Akiba ya Mwendo

Chombo chochote kinachombeba mwanadamu hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa dukani, na hapo hupimwa kwa macho: rangi yake, mng'aro wake, na mbio zake zinazosifiwa na muuzaji. Mara ya pili hupimwa njiani, na hapo hupimwa kwa mwili wa yule aliyekipanda. Kipimo cha kwanza ni chepesi, na watu wengi hutosheka nacho. Kipimo cha pili ni kizito, na aghalabu huja usiku, au mvuani, au siku ya haja kubwa. Wavuvi wa Gazi na Msambweni walilijua jambo hili kabla sisi hatujazaliwa. Hawakulisifu dau siku ya kushushwa majini. Walingoja kwanza kusi livume, ndipo walipolitaja kwa wema au kwa ubaya.

Nililikumbuka neno hilo jioni moja huko Diani, nilipomwona mgeni mmoja akipita barabarani juu ya gurudumu moja la umeme. Alisimama wima, gurudumu likiwa katikati ya miguu yake, na nyayo zake zimekaa juu ya vikanyagio viwili vidogo. Hakuwa na usukani wala kiti wala breki ya mkono. Alipotaka kwenda aliinama mbele kidogo. Alipotaka kusimama alijirudisha nyuma. Watoto walimfuata kwa vifijo, na mimi, ingawa umri wangu haunipi ruhusa ya kukimbia nyuma ya vioja, nilimngoja pale alipopumzika, nikamsalimu na kumwuliza jinsi chombo chake kinavyoweza kusimama.

Alinieleza kwa upole. Alisema kwamba ndani ya gurudumu mna kifaa kiitwacho jairoskopu, ambacho huhisi kila mwinamo, hata ule mdogo ambao macho hayauoni. Mpandaji akielekea kuanguka mbele, mota hulikimbiza gurudumu mbele likamwahi. Akielekea nyuma, hulirudisha nyuma. "Basi," nikamwambia, "wewe huendi, bali unaanguka kila wakati, na gurudumu linakudaka." Akacheka, akakubali kuwa ndivyo. Nikamwuliza tena, "Na siku lisipokudaka?" Hakujibu kwa maneno. Alipandisha mkono wa shati lake, akanionyesha kovu refu lililoanzia kwenye kiwiko.

Kovu lile lilinifundisha zaidi ya maelezo. Nguvu ya mota ya chombo kama kile ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kumpeleka mpandaji, na kumsimamisha. Kadiri mbio zinavyozidi, ndivyo nguvu iliyobaki ya kumsimamisha inavyopungua. Betri ikiwa imechoka, au njia ikiwa na shimo, huja wakati ambapo mota imekwisha kutoa yote iliyo nayo, nayo haina tena cha kuongeza. Hapo mpandaji huanguka kifudifudi. Baiskeli ikikatika mnyororo huendelea kutembea mpaka mwendo uishe, na mwenye baiskeli hushuka akiwa mzima. Bali gurudumu moja likikatikiwa na nguvu halina subira hiyo. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wenye busara huyafunza magurudumu yao kuonya. Nguvu ikikaribia ukingoni, gurudumu hulia, au huviinua vikanyagio upande wa mbele, mpandaji akalazimika kupunguza mwendo. Chombo bora, basi, si kile kisichokuwa na mwisho wa nguvu, maana chombo hicho hakipo duniani. Chombo bora ni kile kinachokuambia kwamba mwisho u karibu, ungali na nafasi ya kusikia.

Historia ya vyombo hivi vya kujisimamisha si ndefu, lakini ina mafunzo. Mwaka 2001, Mmarekani aitwaye Dean Kamen alionyesha ulimwengu Segway, chombo cha magurudumu mawili yaliyokaa kando kwa kando. Kilisifiwa sana, lakini kilikuwa ghali, na mwaka 2020 utengenezaji wake ulikomeshwa. Mvumbuzi mwingine, Shane Chen, alitoa gurudumu moja, na baadaye ubao mdogo wa magurudumu mawili. Ubao huo ulipopendwa na vijana, viwanda vingi viliuiga, kila kimoja kikitaka kufika sokoni kabla ya mwenziwe na kuuza kwa bei ya chini kuliko mwenziwe. Mwaka 2015 mbao hizo zilijaa katika maduka ya dunia, na pamoja nazo zikaja habari za betri kuwaka moto majumbani. Mwezi Julai mwaka 2016, nchini Marekani peke yake, mbao zipatazo 501,000 zilitangazwa kuwa za hatari, zirudishwe. Haya ndiyo mashindano yanayosahau kipimo cha pili.

Pengine msomaji atasema kwamba hiyo ni michezo ya watu wenye nafasi, haimhusu mtu wa Kwale. Mimi nami nilisema hivyo hivyo. Lakini umeme haukuja kwetu kwa gurudumu moja la mgeni. Ulikuja kwa pikipiki ya bodaboda, ambayo ndiyo miguu ya watu wetu. Katika Afrika Mashariki, kampuni ya Ampersand ilianza kazi ya pikipiki za umeme mjini Kigali mwaka 2019, na mwezi Septemba mwaka 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki hizo mjini Mombasa. Haukupita muda mrefu nasi huku kusini mwa kivuko cha Likoni tukaanza kuziona zikipita kimya, bila moshi na bila ngurumo.

Kijana mmoja wa mtaa wetu wa Ukunda alichukua pikipiki ya namna hiyo kwa mkopo, akilipa kidogo kidogo kila siku. Aliisifu mno, na sifa zake hazikuwa za uongo. Haikuhitaji petroli wala kubadilishwa oili ya injini. Betri ilipokwisha, hakungoja ijae. Aliipeleka kituoni akapewa nyingine iliyojaa kwa dakika chache, akaendelea na kazi. Fedha aliyokuwa akiiacha katika kituo cha petroli sasa ilibaki mfukoni mwake, na kwa fedha hiyo alimlipia mdogo wake karo. Nilimpenda kwa bidii yake, nikawa mteja wake.

Usiku mmoja wa mwezi Juni, yapata saa nane, dada yangu alinipigia simu kutoka hospitali ya Msambweni. Mama yetu alikuwa amelazwa huko tangu juzi yake. "Kaka," akaniambia, "madaktari wanataka mtu wa kumtolea mama damu. Njoo upesi." Nilimwamsha yule kijana, naye akaja bila kunung'unika. Kabla sijapanda aliniambia, "Mwalimu, umeme ulikatika mtaani tangu jioni, kituo hakikuweza kunibadilishia betri. Hii inaonyesha arobaini kwa mia." Nikamwuliza kama itatufikisha. Akatazama chini, akasema, "Siku nyingine hufika." Nikasema, "Twende."

Kutoka Ukunda hadi Msambweni ni kama kilomita 25. Tulikwenda kwa kasi, kwa kuwa nilimhimiza. Tulikuwa watu wawili, na kusi lilitujia usoni njia nzima. Kila kimoja katika hivyo, yaani kasi, uzito na upepo, hula nguvu ya betri, na vikikutana hula kwa pupa. Nilikuwa nikichungulia nambari juu ya bega lake: thelathini, ishirini na tano, ishirini. Nilijipa moyo kwa hesabu. Sikujua wakati ule kwamba betri za namna hii hushikilia nguvu yake karibu sawasawa kwa muda mrefu, kisha mwishoni huporomoka kwa ghafula, hasa zikiwa zimezeeka. Tulipokaribia Gazi nambari ilishuka kutoka kumi na tano hadi sifuri kama mtu aliyekosa ngazi. Pikipiki ikalegea, taa ikafifia, tukasimama gizani katikati ya minazi.

Pikipiki nyingi za petroli zina kilango kidogo karibu na tangi; mafuta yakikatika, dereva hukigeuza, akapata akiba ya kumfikisha mahali. Ile yetu haikuwa na kilango hicho. Tulianza kuisukuma. Baada ya kitambo tuliona taa, akaja dereva mwingine, naye pia alikuwa juu ya pikipiki ya umeme, na nyuma amefunga betri ya pili iliyojaa. Moyo wangu ulifurahi. Akashuka, akatupa pole, akaitazama pikipiki yetu, kisha akatikisa kichwa. Pikipiki yake ilikuwa ya kampuni nyingine. Betri yake haikuingia katika yetu, na hata kama ingeingia, isingekubali kufanya kazi. Umeme ulikuwa mmoja, shida ilikuwa moja, barabara ilikuwa moja. Vinywa tu ndivyo vilivyotofautiana. Yeye alikuwa na abiria na mizigo, hakuweza kunichukua. Tulisukuma hadi Gazi, tukabisha mlango wa mwenye pikipiki ya petroli, naye ndiye aliyenifikisha.

Nilipofika, mgonjwa wa jirani alikuwa na ndugu yake mwenye moyo mwema aliyekwisha kumtolea mama damu. Mama aliishi. Lakini nilikaa kwenye benchi mpaka alfajiri nikitafakari kwamba uhai wake ulikuwa umepita mikononi mwa mtu nisiyemjua, kwa sababu mimi mwanawe nilikuwa nikisukuma pikipiki gizani.

Ni rahisi kumtupia lawama mtengenezaji, na sehemu yake anayo. Aliyeweka nambari inayosema kumi na tano wakati hakuna kitu, hakutenda haki. Lakini nambari ya kwanza, arobaini, haikudanganya, na kijana aliyetazama chini hakudanganya. Mimi ndimi niliyesema, "Twende." Nilitaka chombo kiwe na nguvu kwa kuwa nilikuwa na haja, na chombo hakijui haja ya mtu.

Wiki iliyofuata nilimwuliza yule kijana kama atarudi kwenye petroli. Akaniambia, "Mwalimu, petroli ilikuwa inanila mimi. Hii hainili, ila inataka nijue tabia yake." Tangu siku ile ameweka sharti: hatoki mtaani akiwa na nguvu pungufu ya mara mbili ya safari aliyoitiwa. Wateja wengine humwacha wakaenda kwa mwingine, naye huwaacha waende. Nadhani yeye na yule mgeni wa Diani mwenye kovu wangeelewana vema.

Ama kuhusu mashindano, sitaki msomaji adhani kwamba nayachukia. Bila ya mashindano pikipiki hizi zingekuwa ghali na mbovu. Mashindano ndiyo yaliyoongeza vituo na kuzilazimisha kampuni kusikiliza manung'uniko ya madereva. Lakini yapo mashindano ya kuboresha kitu, na yapo ya kumfungia mtu mlango. Mpira wa baiskeli wa namba 28 unaupata katika duka lolote hapa Kwale, nao huingia katika baiskeli ya yeyote bila kuuliza imetengenezwa wapi. Wala watengenezaji wa baiskeli hawakufilisika kwa sababu hiyo. Huko Japani, mwezi Machi mwaka 2021, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, ambao wameshindana kwa miaka mingi katika kila soko la dunia, walikubaliana kipimo kimoja cha betri za kubadilishana kwa pikipiki zao za umeme. Hawakuacha kushindana. Walikubali tu kwamba dereva aliyekwama njiani si mateka wa mtu. Laiti makubaliano kama hayo yangekuwapo katika barabara ya Msambweni usiku ule, ningalifika mapema.

Ninyi vijana mnaosoma maneno haya mtapanda vyombo ambavyo mimi sitaviona, na baadhi yenu mtavitengeneza. Mkiwa wanunuzi, msiulize tu chombo kinakwenda mbio kiasi gani. Ulizeni kinasema nini kikikaribia kuchoka, na ni nani atakayewasaidia kikisimama. Mkiwa watengenezaji, kumbukeni kwamba mtu atakipanda chombo chenu siku mamaye anapohitaji damu. Na katika mambo yenu wenyewe, msiahidi hadi ukingo wa uwezo wenu. Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Walikuwa wakinena juu ya nafaka na fedha, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba neno hilo linafaa pia kwa mwendo. Sasa kijana yule anaponijia, kabla sijaweka mguu, humwuliza imebaki kiasi gani. Akisema haitoshi, nashukuru, nangoja.