KEREZO LA LAMU NA SIRI YA MTI MBICHI

Lamu ni mji mkongwe wa Waswahili, na mwaka 2001 UNESCO iliuandika katika orodha ya turathi za dunia. Azuruye mji huo asitosheke na milango ya nakshi. Aingie pia karakana za maseremala. Sisi tuliingia tukitaka kujua jambo moja: vipi fundi huyakinisha ya kuwa mti umekauka, kabla hajaufunga katika kerezo?

Mti uliokatwa jana umejaa maji. Yaliyomo katika vishimo vya nyuzi hutoka kwanza, wala umbo halibadiliki. Unyevu ushukapo chini ya asilimia 30 hivi, hutoka maji ya kuta za nyuzi, na hapo mti hunywea. Tena haunywei sawasawa: kwa kufuata mzunguko wa pete zake hunywea kiasi cha mara mbili kuliko kwa kuelekea kiini. Kwa hiyo tendegu lililokerezwa bichi, likawa duara, hukauka likawa mfano wa yai, na pengine likapasuka. Na ulimi wa mfumbati mbichi hulegea tunduni, kitanda kikalia usiku.

Macho hayatoshi, kwani ubao hukauka nje na ndani ukabaki mbichi. Iko kanuni ya kuuanika kivulini penye upepo mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene; lakini hiyo ni kadiri, si yakini. Yakini imo katika mizani. Kata kipande mbali na ncha, kipime, kisha kikaushe katika joto la digrii 103 za sentigredi hata uzito usipungue tena. Kikiwa gramu 150 kikarudi 120, maji yalikuwa gramu 30, yaani asilimia 25 ya mti mkavu: ubao haujafaa.

Kipo pia chombo cha umeme chenye sindano mbili, nacho ni chepesi, ila hupima pale zilipofika sindano tu. Asiye nacho, akereze mti mbichi kwa unene wa kuzidi, auweke kivulini, aupime kila juma; uzito ukisimama, ndipo amalize.

Wala ukavu hauna kipimo kimoja kila mahali. Penye hewa nzito ya pwani mti hutulia kwenye asilimia 14 hivi. Ukihamishiwa nyumba ya bara yenye hewa kavu, hushuka hadi 9 au 10, na hunywea tena. Basi fundi mwaminifu humwuliza mnunuzi kitanda kitakaa wapi.

Enyi vijana mnaojifunza kazi za mikono! Mnunuzi haoni maji yaliyofichika ndani ya tendegu. Fundi ndiye ayajuaye. Kuuza kitu huku umeificha ila yake ni ghushi, na dini yetu imeikataza. Mti mbichi haukosi kusema. Lakini husema baada ya fedha kulipwa, na bwana arusi amekwisha kukipeleka kitanda nyumbani.