Bibi Alikuwa wa kwa Nani? Safari ya Nasaba kutoka Visiga

Visiga ni kata iliyo kando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha na Mlandizi. Wengi huijua kwa seminari yake, na wengi zaidi huipita mbio wakielekea bara. Mimi nimeifanya kituo cha kuanzia safari ya kutafuta nasaba, kwa sababu ya njia panda iliyo mbele yake kidogo. Ukifika Mlandizi, barabara kuu inakatwa na njia nyingine: kaskazini inakwenda Makofia na Bagamoyo, walikofungua misheni mapadre wa Kifaransa mwaka 1868, kusini inaingia Kisarawe, inapita Maneromango na kuendelea hadi Vikumburu, katika nchi ambamo Walutheri wa Kijerumani walijenga vituo vyao miaka ya 1890. Mtu wa hapa katikati akitaka kujua mama wa bibi yake alikuwa nani, na wa kwa nani, ashike njia ipi? Ninalolishikilia katika safari hii ni kwamba upande wa kwenda si jambo la kwanza. La kwanza ni kumfuata mwanamke pale alipoolewa na kuuliza kwao ni wapi, kwa maana hapo ndipo nasaba hukatika au huendelea.

Majina yetu yenyewe hayatufikishi mbali. Katika ukanda huu, kama sehemu kubwa ya Tanzania, mtu ana jina lake, la baba na la babu. Juma Salumu Rajabu akimzaa Ali, mtoto anaandikwa Ali Juma Salumu, na Rajabu ameshatoka kwenye karatasi. Ndani ya vizazi vitatu kila jina la mwisho limebadilika, kwa hiyo anayepekua daftari akitafuta familia kwa jina la mwisho atapata watu wasiohusiana na kuwakosa ndugu zake wa damu. Hata kama jina la babu lingedumu, bado lingemwonyesha mstari mmoja tu. Mtu akihesabu ngazi tano juu yake ana mabibi na mababu 32 katika ngazi ya mwisho, na jina la upande wa baba linamfikisha kwa mmoja wao. Waliobaki 31 wanafikiwa tu kwa kupita mahali fulani kwa mwanamke aliyeolewa.

Watu waliolitatua jambo hili vizuri kuliko wengi ni Wakanada wa asili ya Kifaransa, wa Quebec. Familia nyingi za kule zinaweza kutaja mababu waliovuka bahari katika karne ya 17, na si za matajiri tu. Wakulima na maseremala wanaweza pia. Wako wanaotaja kwa jina mmoja wa wale wasichana wapatao 770 waliopelekwa na mfalme wa Ufaransa kati ya 1663 na 1673 wakaolewe na walowezi. Mwaka 1871 padre Cyprien Tanguay alianza kuchapisha kamusi ya nasaba za familia hizo, ikafika juzuu saba ilipokamilika mwaka 1890, na tangu 1966 Chuo Kikuu cha Montreal kimekuwa kikiunganisha kumbukumbu za ubatizo, ndoa na maziko za parokia za kale. Wengi husifu ukamilifu wa vitabu hivyo, na kweli sheria ya kifalme ilitaka viandikwe nakala mbili, moja ikabaki kanisani na nyingine ikaenda mahakamani. Lakini nakala mbili za daftari lisilosema kitu ni hasara mara mbili. Kilichozibeba nasaba za Quebec ni desturi ya namna ya kuandika: siku ya ndoa padre aliandika majina ya wazazi wa pande zote mbili, na bibi harusi alibaki na jina la kwao, akabatizisha watoto kwa jina hilo na akazikwa nalo. Kila ndoa ikawa mlango wa familia mbili. Quebec wameithamini desturi hiyo kiasi kwamba tangu 1981 sheria yao inamtaka mke abaki na jina alilozaliwa nalo.

Nikikata kusini kutoka Mlandizi kuelekea Kisarawe, naingia katika nchi ambayo ilikuwa na desturi hiyo kabla ya daftari lolote. Wazaramo, na jirani zao Wakwere, kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno zito katika mambo ya mpwa wake. Mwali alipowekwa ndani, mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti, kilikuwa mali ya ukoo na kilipita kutoka mwali hadi mwali. Kwa hiyo kumjua mtu wa Maneromango au Masaki kwa ukamilifu ilikuwa kujua mama yake katokea ukoo gani. Uislamu ulipoenea kutoka pwani ulileta mirathi na hesabu ya upande wa baba, lakini nao haukumfuta mwanamke: Fatuma binti Salumu aliolewa akabaki binti Salumu, akashitaki na kushitakiwa kwa jina hilo, akazikwa nalo. Kwa hiyo nchi hii ilikuwa na kamba mbili za kumshika bibi asipotee, ukoo wa mama na jina la baba yake. Quebec walikuwa na moja.

Hapo hutokea pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: ya Quebec yameandikwa na ya Kisarawe yamesemwa, na kinywa husahau, huongeza, huficha. Nalikubali nusu. Wazee huruka vizazi, na shujaa wa ukoo huvuta kwake matendo ya watu watatu. Ila daftari la Quebec lenyewe halikuanza kwa wino peke yake. Kumbukumbu za parokia ya mji wa Quebec zilianza 1621, na mwaka 1640 kanisa likaungua moto pamoja nazo. Mapadre walikaa na waumini wakazirudisha kwa kumbukumbu za vichwani, nani alibatizwa, nani alimwoa nani, nani alikufa. Kurasa za kwanza za nasaba inayosifiwa dunia nzima kwa uthabiti wake zilitoka vinywani mwa watu, zikaaminika kwa sababu waliosema walikuwa wengi, waliokumbuka jambo moja kwa pamoja na kuweza kusahihishana. Kisarawe pia kusahihishana huko kupo, na mahali pake hasa ni msibani. Watani huja, wakamtaja marehemu kwa babu na bibi zake, na anayekosea husahihishwa palepale mbele ya watu.

Ardhi nayo hushuhudia, kwa masharti. Kuanzia mwishoni mwa 1973 serikali iliagiza watu wote wa vijijini wawe wamehamia vijiji vya ujamaa ifikapo mwisho wa 1976, na kaya nyingi za Pwani ziliacha nyumba, mashamba na makaburi. Yale mahame bado yanajulikana kwa miembe mikubwa inayosimama porini pasipo nyumba. Mwembe hausemi jina la mtu, lakini mzee akipelekwa chini yake hukumbuka kwa mpangilio: hapa kwa fulani, pale kwa dada yake, kule alikotoka mkewe. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa kuhamishwa sasa amevuka 70. Hilo linanitia hofu kuliko mchwa walio kwenye makabati ya parokia.

Vitabu vya upande huu wa kusini vipo, lakini vina mapengo ambayo msafiri anapaswa kuyajua kabla hajakata tamaa. Wabenediktini wa Kijerumani walijenga Pugu mwaka 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, kituo kikashambuliwa, wamisionari watatu wakauawa, na kazi ikabidi ianze upya. Walutheri wa Maneromango na Kisarawe waliandika kwa Kijerumani, kisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani wakaondolewa, ikawa juu ya walimu na wazee wa Kiafrika kuendeleza usharika. Pengo katika daftari la miaka hiyo ni alama ya vita, na asiyejua hilo atadhani familia yake haikuwepo.

Kuna atakayesema kwamba wenyeji wengi wa Kibaha na Kisarawe ni Waislamu, na vitabu vya ubatizo haviwahusu. Ni kweli, na ndiyo sababu sikuanza na vitabu. Lakini koo zetu hazikugawanyika kwa dini. Bibi mmoja ana wajukuu msikitini na wajukuu kanisani, na mjukuu mmoja aliyebatizwa Maneromango anaweza kuwa ndiye pekee ambaye mama yake ameandikwa popote. Mstari wake ni mali ya binamu zake Waislamu pia. Kwa vizazi vya karibu zaidi, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka usajili wa ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali, kwa hiyo cheti cha ndoa cha mama, kama alikipata, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa nageuka kaskazini, Makofia hadi Bagamoyo, na hapa hoja yangu inakutana na jaribu lake kubwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanzia Unguja mwaka 1863, walivuka na Padre Antoine Horner kujenga Bagamoyo, na watu wao wa kwanza walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Waliwaoza na kuwaweka katika kijiji cha Kikristo kando ya misheni. Waliandika kwa desturi ileile waliyokuwa nayo wenzao wa Quebec, maana ni ya kanisa moja na nchi moja. Agizo la Roma lililoanza kutumika 1908 liliongeza jambo la faida kubwa kwa mtafutaji, kwamba ndoa iandikwe pia pembezoni mwa ukurasa wa ubatizo, kwa hiyo namba moja ya LB, yaani ya kitabu cha ubatizo, inaweza kumfuata mtu hadi parokia aliyoolewa. Lakini mtoto aliyetekwa Uyao au Unyamwezi hakuja na wazazi wa kuandikwa. Kwa mtu kama huyo mlango wa upande wa mama umejengewa ukuta.

Ukuta huo unasema kitu, hata nje ya misheni. Katika jamii zinazohesabu ukoo kwa mama, mwanamke aliyenunuliwa hakuwa na ndugu wa kuwadai watoto wake, hivyo watoto wakaingia ukoo wa mume au wa bwana. Basi unapofuata mama kwa mama, ghafla ukakuta kizazi kimoja kimehesabiwa kwa baba bila sababu ya kidini wala ya mirathi, kuna uwezekano mkubwa kwamba pale amesimama mwanamke aliyeletwa kwa nguvu. Nasaba ya upande wa baba ingempita bila kumwona.

Wapo wasiotaka aonekane. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na familia nyingi zilijenga heshima yao kwa kunyamaza. Kwao, kuwafukua waliokuwa watumwa ni kuwaaibisha walio hai. Siwezi kulipuuza hilo, na sitetei kumtangaza mtu asiyetaka. Lakini Quebec nao walinyamaza hivyo hivyo hadi mwaka 1960, mwanahistoria Marcel Trudel alipoonyesha kwa kumbukumbu zilezile za parokia kwamba Kanada ya Wafaransa ilikuwa na watumwa wapatao 4,000, theluthi mbili yao wenyeji wa asili wa Amerika, na kwamba baadhi yao waliolewa katika familia za Kikanada. Aibu aliyoifichua ilikuwa ya walionunua. Aliyenunuliwa alipewa kwa mara ya kwanza nafasi yake kati ya mabibi.

Kisha lipo pingamizi la kitaifa: nchi iliyoacha kuuliza kabila katika sensa baada ya 1967 inachimba koo za nini? Ningeogopa pia, kama utafutaji ungekuwa wa jina la baba peke yake, maana mstari mmoja hujifanya safi kirahisi. Anayewatafuta wote 32 hapati usafi huo. Njia ya misafara ilipita kandokando ya Ruvu kwa miongo mingi, Wanyamwezi wakashuka, Wazigua na Waluguru wakaoa na kuolewa, Wayao na Wamanyema wakaletwa bila hiari. Mtu wa Visiga anayejiita Mzaramo halisi, akiuliza kila bibi alikuwa wa kwa nani, atatajiwa watu hao mmoja baada ya mwingine, na mara nyingine jibu litampeleka nje ya nchi kabisa: kumbukumbu za shirika la mapadre wa Bagamoyo ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris, kwa Kifaransa na kwa mwandiko wa karne ya 19.