Msimu wa Kufyatua Tofali

Kwetu Bigwa mwezi Juni ulikuwa mwezi wa tofali. Masika yamekwisha, udongo umekubali maji, na mjomba kashika kalibu tangu alfajiri huku sisi tukikanyaga tope. Kwa Waluguru mjomba akisema jambo limesemwa, kwa hiyo mwaka 2001, Jumapili moja, aliposema tunakwenda kibanda umiza kutazama runinga, hakuna aliyeuliza kuna nini. Ligi ya England ilikwishafungwa. Mwenye kibanda, kwa kukosa mpira, alikuwa amefungulia tenisi ya Paris, Roland Garros.

Watu waliguna, wakatulia waliposikia anacheza Mbrazili. Gustavo Kuerten alikuwa bingwa mtetezi, na sifa zake za 1997 mtu mmoja pale alikuwa nazo kichwani: aliingia akiwa wa 66 duniani, akawatoa mabingwa watatu wa zamani, Muster, Kafelnikov na, kwenye fainali, Bruguera. Siku ile, raundi ya nne, alikuwa anazama. Mmarekani Michael Russell alimwongoza seti mbili kwa bila, akabakiza pointi moja tu ammalize. Hakummaliza. Kuerten alishinda kwa seti tano, akachora moyo mkubwa uwanjani kwa raketi yake, akapiga magoti ndani yake. Kibanda kizima kilishangilia mchezo ambao nusu yetu hatukujua hata pointi zinavyohesabiwa.

Mjomba alikuwa akiangalia ardhi.

“Ile ni tofali,” alisema. “Tofali ya kuchoma, imesagwa.”

Alikuwa sahihi. Juu ya viwanja vile hutandazwa vumbi la tofali, unene wa milimita mbili hivi, na chini yake mawe ya chokaa yaliyosagwa. Vumbi hilo ndilo linalopunguza kasi ya mpira na kumwezesha mchezaji kuteleza hadi kuufikia. Sisi watoto tulilijua kama pilipili ya kupikia michezo yetu ya baba na mama. Kilichomkuna mjomba zaidi ni alama ambayo mpira huacha udongoni. Mpira ukibishaniwa, mwamuzi anashuka kitini, anainama, anasoma udongo, ugomvi umekwisha. Alitamani uwanja wa Jamhuri, pale mjini, nao uwe hivyo siku za penalti.

Wiki iliyofuata tulirudi kutazama fainali. Kuerten alipoteza seti ya kwanza kwa Alex Corretja, kisha 7-5, 6-2, 6-0. Siku nyingine walionyesha mvua ya Paris, vijana wakikimbia na maturubai kufunika uwanja, na mjomba akacheka mpaka akakohoa. Nasi wingu likishuka kutoka mlimani tulikimbia hivyo hivyo kufunika tofali mbichi, tofauti ni kwamba wenzetu wanalipwa.

Viwanja vya namna hiyo havikuwa Ulaya tu. Nairobi vipo, na wachezaji wa kiume wa kulipwa wamegombania pointi za dunia humo. Mkenya Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani. Mjomba nilipomweleza aliuliza bei ya tofali Nairobi.

Rafael Nadal alipoanza kulibeba kombe la Paris mwaka 2005, mpaka likafika la 14, nilidhani mjomba atampenda. Wapi. Alimwona akipanga chupa, akifuta jasho, akigusa pua, akigusa sikio, ndipo apige. “Huyu,” alisema, “angekuwa fundi wangu, tanuru lingewashwa Krismasi.”