Safari ya Birika la Kahawa: Glashütte, Dresden na Minden

Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, ya Bugisu kwenye miteremko ya Mlima Elgon na ya mashamba ya Masaka pia, huvuka bahari kabla ya kunywewa. Ujerumani ni miongoni mwa wanunuzi wake. Huko ndiko lilikofikiriwa kwa bidii swali ambalo jamaa za askari wanalijua vyema: kahawa iliyopikwa saa mbili usiku itafikaje saa tisa, mlinzi anapobadilishana zamu, ikiwa bado ina moto na harufu yake?

Atakaye kuliona jibu kwa macho yake na apande treni Berlin. Reli iendayo kusini, upande wa Dresden, hupita katika nchi tambarare ya mchanga na misitu ya misonobari. Baada ya kilomita 50 hivi kuna kituo kidogo cha Klasdorf Glashütte, na kutoka hapo msafiri hutembea kwa miguu hadi kijiji kilichoishi kwa kupuliza vioo. Tanuri zake zilitoa hasa vioo vyeupe kama maziwa, vya kufunikia taa. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1980, na leo kijiji chenyewe ni makumbusho.

Hapo ndipo alipozaliwa Reinhold Burger mwaka 1866. Chombo cha kuta mbili zenye ombwe katikati, yaani mahali palipoondolewa hewa, kilikuwa kimekwisha kubuniwa na James Dewar, mtaalamu wa Uskochi aliyekuwa akifanya kazi London mwaka 1892. Lakini chombo cha Dewar kilikuwa cha maabara, chepesi kuvunjika. Burger alikivika gamba la chuma, akapata hataza yake mwaka 1903, na mwaka uliofuata jina la Thermos likaandikishwa. Dewar hakuwa amejilinda kwa hataza, na faida ya biashara ikawaendea wengine. Nasi tukarithi neno themosi, tunalolitamka jikoni kana kwamba lilizaliwa kwetu.

Siri yake si kubwa. Joto lina njia tatu za kutoroka: hupita katika kitu linachokigusa, huchukuliwa na hewa inayotembea, na hurushwa kama miale ya jua. Ombwe hufunga njia mbili za kwanza. Ya tatu hupunguzwa sana na rangi ya fedha iliyopakwa ndani ya kuta za kioo, ambayo huirudisha miale ilikotoka. Hubaki shingo na kizibo tu, na hapo ndipo joto linapopenya.

Reli ile ile huendelea hadi Dresden, mji ulio kandokando ya mto Elbe. Mabomu ya Februari 1945 yaliuteketeza, na kanisa lake kuu la Frauenkirche lilibaki chungu ya mawe hadi lilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005. Katika mji huo, mwaka 1908, mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na machicha katika kikombe chake. Akatoboa matundu kwa msumari chini ya chombo cha shaba, akatandika karatasi ya kunyonyea wino kutoka katika daftari la shule la mwanawe, akatia kahawa iliyosagwa na kumimina maji ya moto. Kahawa ikadondoka safi. Akaandikisha ubunifu wake, kisha yeye na mumewe Hugo wakaanzisha kampuni kwa mtaji wa pfennig 73. Katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1909 waliuza vichujio zaidi ya elfu moja.

Ilibaki kumwondolea mpishi kazi ya kumimina. Mwaka 1954 Mjerumani Gottlob Widmann alitoa mashine ya umeme iitwayo Wigomat, iliyochemsha maji na kuyadondosha yenyewe. Mashine nyingi zilizofuata zilikuwa na jagi la kioo lililokalishwa juu ya bamba la moto, na kwa maoni yangu hapo ndipo kahawa ilipoharibiwa. Harufu ya kahawa ni mkusanyiko wa mamia ya viini vyepesi virukavyo na mvuke. Bamba likiendelea kuwaka, viini hivyo huondoka vikiujaza ukumbi, na mnywaji huachiwa uchungu na ukali, kwa sababu asidi zilizobaki nazo hubadilika kwa joto. Baada ya saa moja jagi bado lina moto, lakini limeshika maji meusi tu.

Msomaji aliyewahi kukaa Mombasa, Lamu au Unguja atauliza: mbona muuza kahawa wa huko hubeba dele lake la shaba likiwa na makaa chini yake, na kahawa yake ni tamu? Ni kweli. Lakini kahawa ile huchemshwa tangu mwanzo, aghalabu pamoja na tangawizi au iliki, na muuzaji hana nia ya kuiweka hadi usiku wa manane. Barazani huisha mapema.

Kampuni ya Bentz ilihamia Minden, magharibi mwa nchi, mwaka 1929. Ni mji wa mto Weser, na ajabu yake ni daraja linalopitisha mfereji juu ya mto, hata merikebu za mizigo zikavuka juu na mashua zikapita chini. Katika mashine za siku hizi, za kampuni hiyo na za nyingine, unaweza kununua aina isiyo na bamba kabisa. Kahawa hudondokea moja kwa moja ndani ya birika lenye ombwe.

Ugumu upo kwenye kifuniko. Kikiwa wazi, harufu huondoka kahawa ikiwa bado inadondoka. Kikifungwa, kahawa haiingii. Wabunifu wakaweka tundu dogo, na katika mabirika mengine mrija ushukao hadi karibu na chini. Mrija huo una kazi ya pili. Matone ya kwanza ni mazito na ya mwisho ni mepesi. Yakiingilia chini, huchanganyika na yale yaliyotangulia, na kikombe cha kwanza hufanana na cha mwisho.

Birika la kioo halina ladha yake yenyewe, ila likianguka limekwisha. La chuma cha pua lafaa zaidi kwa gari la doria na nyumba yenye watoto. Lolote ulichaguapo, lisafirishe joto la kahawa, lisile: litie maji ya moto kwa dakika chache, uyamwage, ndipo utie kahawa. Lijaze, kwani nafasi tupu huvuta mvuke na harufu. Kila siku lioshe mafuta yaliyoganda ukutani, maana huchacha. Magadi kidogo katika maji ya moto yatosha. Na dukani, au nyumbani kwa birika la zamani, tia maji yanayochemka, ulifunge, ungoje kidogo, kisha uweke kiganja ubavuni. Ukihisi joto, ombwe limevuja, na hakuna fundi wa kulirudisha.