Bastola ya Mume Wangu na Masharti Yangu Matatu

Wapo wanawake wanaoletewa habari za nyumba ndogo. Mimi nililetewa habari ya bastola.

Ilikuwa Agosti 2024, tumekaa sebuleni kwetu Katesh. Baba watoto akanionyesha kwenye simu yule Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyelenga shabaha Olimpiki ya Paris huku mkono mmoja uko mfukoni, akaondoka na medali ya fedha akiwa na miaka 51.

"Mama, huu mchezo hauna uzee. Na mimi nataka bastola."

"Ya nini?"

"Ya shabaha tu, jamani!"

Nilicheka. Lakini usiku sikulala.

Ngoja nikwambie kwa nini. Desemba 3, 2023, matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakapita mjini kwetu. Wenzetu walizika ndugu. Sisi tulipoteza duka. Tulimshukuru Mungu kwa uhai, ila miezi iliyofuata mume wangu hakuwa yule aliyenioa. Pombe, kununa, na usiku mmoja akapiga teke mlango wa chumbani mpaka bawaba zikang'oka. Hakunigusa. Alikuja kutulia, akaomba msamaha, tukaanza upya. Sasa hapo ndipo bastola iingie ndani?

Sikumwambia hofu yangu. Nilijibu kijanja, "Sawa, ila tuijue kwanza." Basi Jumamosi moja tukapanda basi, Babati hadi Arusha, kwenye klabu ya kulenga shabaha aliyoelekezwa na mshikaji wake.

Mwenzangu alishajichagulia moyoni: nusu-otomatiki kubwa, nyeusi, ya milimita 9, kama za kwenye sinema. Nusu-otomatiki maana yake ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, halafu yenyewe inajipakia nyingine. Mkufunzi kwanza alitufundisha adabu: kila bastola ihesabu ina risasi, mtutu usielekee mtu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe tayari kupiga. Ndipo akampa hiyo ya milimita 9.

Risasi ya kwanza ilipiga pembeni ya karatasi. Zilizofuata hata sijui ziliishia wapi. Mkufunzi akatabasamu: "Kaka, unafumba macho kabla haijalia. Unaiogopa."

Akamletea ndogo, ya .22, yaani milimita 5.6. Haikurusha mkono wala kupiga kelele ile. Matundu yakaanza kusogeleana. Mimi nikajaribu, tano zangu zikakaa kwenye eneo la kiganja. Weee! Mume wangu alinitazama kama ndiyo tumekutana siku hiyo.

Nilikumbuka Yaeda Chini kule Mbulu, alikofundisha marehemu baba nikiwa mdogo. Watoto wa kiume wa Kihadzabe walianza na vijiupinde vidogo, wakakua, na upinde ukakua nao. Hakuna aliyemkabidhi mtoto upinde wa baba yake, ambao hata mtu mzima asiyezoea hauvuti.

Kwa hiyo, ewe unayefikiria mchezo huu, haya ndiyo niliyojifunza. Anza na .22. Risasi zake ni rahisi kuliko za milimita 9, hivyo utafanya mazoezi mengi zaidi, na hata shindano la Olimpiki la mita 25 linatumia kipenyo hicho. Mpini ujae kiganja chako, siyo cha muuzaji, na kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kifyatulio kivutike laini, kisikwame. Mashindanoni mita 25 hakiruhusiwi kuwa chepesi chini ya gramu 1,000, na bastola yenyewe isizidi gramu 1,400. Kilengeo cha nyuma kiwe cha kurekebishika. Wanaoanza husifia Ruger Mark IV na Browning Buck Mark. Washindani wakubwa utawakuta na Walther au Pardini. Lakini jina lisikudanganye. Bastola bora ni ile inayopeleka risasi palepale kila mara bila kukwama, na ambayo vipuri vyake utavipata.

Tukiwa njiani kurudi, basi liliposimama Babati, nikalitapika. "Baba, usiku ule wa mlango, kama ingekuwepo bastola, mimi nisingelala humo tena."

Hakujibu. Kimya hadi Katesh. Tulipofika getini ndipo akasema taratibu, "Sikujua kama uliniogopa mimi."

Tuliongea mpaka alfajiri. Nikaweka masharti matatu. Moja, mwaka mzima atatumia bastola ya klabu. Mbili, siku tukinunua, atafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni kwanza, bila njia za mkato. Nyumbani itakaa tupu kwenye kasha la chuma lenye kufuli, risasi zitafungiwa mbali nayo. Tatu, pombe ikirudi, bastola haiji. Alikubali yote. Mwaka umeshapita na bado hatujanunua. Yeye mwenyewe ndiye anayesema, "Bado kidogo, mama." Na mlango ule alishautengeneza kwa mikono yake.

Dada yangu, mumeo akija na wazo la kukutisha, usilipige rungu wala usilimeze. Nenda naye ukalione. Halafu sema linalokunyima usingizi, hata kama ni ndani ya basi.

Na wewe kaka, yule Dikeç unayemuiga hakutumia nusu-otomatiki siku ile. Ilikuwa bastola ya upepo, mita 10. Wala hakuwa peke yake. Alicheza na dada anayeitwa Şevval İlayda Tarhan, timu ya mwanamume na mwanamke. Medali ile ilikuwa ya wawili.