Mama wa Mitumba

Ulimi hauna mfupa, msomaji mpendwa. Mimi wangu ulinitia aibuni pale Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, nusura umharibie kazi mtu ambaye hata sikuwa nimemtia machoni.

Binamu yangu ni kibarua katika shamba moja la maua huko. Aliniambia kuna mama anayepita ploti hadi ploti akigawa kondomu na kuwahimiza watu kupima virusi vya Ukimwi. Nami, kwa uroho wa habari, nikafunga safari. Niliposhuka kwenye matatu nikaingia duka la kwanza na kuuliza kwa sauti: "Yule mama wa mambo ya Ukimwi anaishi wapi?"

Duka zima likanyamaza kimya!

Binamu yangu alipopata habari alinivuta chumbani na kufunga mlango. "Dada, hapa hakuna mama wa Ukimwi. Kuna mama wa mitumba. Ukimwita hivyo, kesho nani atamfungulia?"

Alikuja usiku, blauzi zimejaa begani. Chini ya nguo hizo mlikuwa na kondomu, vifaa vya kujipima, na makopo mawili ya dawa aliyokabidhiwa na muuguzi awapelekee wasioweza kufika. Alinieleza bila haya kwamba zamani alikuwa akiuza mwili katika baa, na ndiyo sababu wasichana wa kazi hiyo humsikiliza. Anajua ni nani yuko zamu ya usiku, mvuvi gani hutoka ziwani alfajiri, na baa gani hujaa siku ya mshahara. Daktari atayajulia wapi hayo?

Nilimwuliza swali la mtu wa mjini: mbona wasiende hospitali Naivasha, ilhali ARV ni bure katika hospitali za umma tangu mwaka 2006?

Akacheka. "Bure ni dawa, mwanangu. Nauli je? Na kibarua akikosa siku moja, msimamizi anataka kujua alikuwa wapi."

Naam, sheria ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa virusi ndipo ampe kazi. Lakini sheria hiyo haikai nawe kwenye foleni jirani anapokukodolea macho.

Yeye huwafundisha mambo mawili. Kwanza, asiye na virusi lakini yumo hatarini anaweza kumeza tembe ya kinga, ambayo Kenya ilianza kuisambaza mwaka 2017. Pili, mwenye virusi akimeza ARV sawasawa hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hili la pili, alisema, huwafanya wengine watokwe na machozi.

Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Vituo vingi nchini vilivyowahudumia makahaba, wanaume wanaolala na wanaume na wanaojidunga dawa za kulevya vilifungwa au vikapunguza huduma. Posho yake ilikatika. Kwa majuma kadhaa alibaki sokoni akiuza nguo tu, maana naye ana watoto wa kulisha. Aliporejea katika mizunguko yake, msichana mmoja hakuwa chumbani mwake. Alimsaka hadi akampata ploti nyingine, amekonda, hajameza tembe tangu ahame.

"Dawa zilikuwapo hospitalini wakati wote huo," akasema, akikunja blauzi moja polepole. Msichana huyo amerudia matibabu, ila mama anahofia wengine ambao bado hajawaona.

Asubuhi yake nilipokuwa nikielekea stejini, mwenye duka aliniita: "Ulimpata yule mama uliyekuwa ukimtafuta?"

"Wa mitumba? Nilimpata," nikajibu, nikamwonyesha blauzi niliyonunua. Inanibana mikononi, lakini ninaivaa.