Barua kutoka Birmingham: mbwa wa Kongo asiyebweka

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku mbwa analala ndani na ana cheti cha ukoo. Yote mawili ni kweli. Kulala kwake ndani nilikuzoea upesi. Cheti ndicho kilichonifunza.

Wangu ni jike wa basenji, na usidhani ni mbwa wa Kizungu. Asili yake ni misitu ya Kongo. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, kwa jina la terrier wa Kongo, kisha wakafa kwa maradhi. Siku hizi anawekwa kundi la mbwa wa kuwinda, na ndiko anakostahili. Aliporudi Crufts mwaka 1937, watu walijazana kumtazama mbwa asiyebweka. Si bubu lakini: akifurahi huimba, na jirani yangu hapendi. Kwao wawindaji humvisha kengele ya mti shingoni wajue alipo vichakani. Masikio wima, mkia umejiviringa mgongoni, uzito kama kilo 10. Ungemwona, ungesema ni ndugu wa yule anayefukuza nyani kwenye mahindi yako hapo Litembo.

Kwenye maonyesho hupandishwa mezani, mwamuzi akampapasa mifupa na kumkagua meno, halafu tunakimbia naye uwanjani. Tumepata utepe mmoja. Inatosha.

Kazi hasa ni uzazi. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, damu ikarudiana, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Figo huacha sukari na virutubisho vipotee kwenye mkojo. Ubaya wake hujitokeza mbwa akiwa ameshakomaa, pengine keshazaa mara mbili tatu. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi Zaire, Kongo ya leo, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 daftari la ukoo la Marekani likafunguliwa kuipokea. Kipimo cha vinasaba kinachoonyesha kasoro yenyewe kilipatikana mwaka 2011. Aliyebeba kasoro upande mmoja haugui, lakini wawili wa aina hiyo wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kwa hiyo nilimpima wangu kabla ya kumtafutia dume. Basenji hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Nikikosea, nasubiri mwaka mzima, na sioni ubaya.

Watoto nao hawauzwi kiholela. Tangu Aprili 2020, sheria ya England inakataza mchuuzi kuuza mbwa wa chini ya miezi 6. Mnunuzi aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto akiwa na mama yake. Mimi huwahoji wanunuzi mpaka wengine hukasirika na kuondoka. Waende.

Sikuombi cheti, Mjomba. Naomba mambo matatu. Afisa mifugo akija na chanjo ya kichaa cha mbwa, wapeleke wote, hata wale wasio na mwenyewe. Yule jike wako mdogo asipandwe kwenye joto lake la kwanza, wala na kaka yake. Na watoto wake wape watu unaowajua. Hela ya chanjo nitatuma kwa simu. Hela yako ya kahawa isiguswe.